Zabibu Zilizomngoja Baba

Kijana mliyemtuma kuniita alikuja na pikipiki. Hakuteremka. Alisimama kwenye uzio, injini inanguruma, akapaza sauti: "Bibi, shikamoo, wanasema uje kesho uwafundishe vijana kupogoa." Nikamwitikia marahaba, nikaendelea kuchambua mchele wangu. Akarudia maneno yale yale. Nami nikaendelea kuchambua. Alipozima injini, akaingia, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji na kuniuliza mgongo unaendeleaje, ndipo nikamwambia nitakuja. Nilimwona anavyojizuia kucheka. Alifikiri bibi huyu ana maringo.

Basi nimekuja. Michikichi yenu na mikakao yenu nimeiona, na mkasi wenu nimeuona, una kutu. Tutafika huko. Lakini kabla sijakata tawi hata moja nitawaeleza kwa nini siitwi na mtu aliyekaa juu ya chombo. Ni habari ya zabibu, na ilitokea hapa hapa Ifakara.

Ndiyo, zabibu. Najua mtaniambia zabibu ni za Dodoma. Mimi nawaambia ya miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, misheni yetu ilipokuwa na shamba la mizabibu nyuma ya karakana ya useremala, kwenye ule mwinuko wa mchanga unaoteremka kuelekea mtoni. Mimi Skolastika ndiye niliyekuwa nalitunza. Nilianza nikiwa mpalilia tu, mmoja kati ya wanawake wengi wenye majembe, nikaishia kuwa mtu ambaye Bruda Ludoviko hakati tawi kabla ya kubishana naye. Yeye angesema mimi ndiye niliyekuwa sikati bila yeye. Tuliacha hivyo hivyo.

Bruda Ludoviko alikuwa mtawa, si padri. Alitoka Ulaya, na kwao walikuwa watu wa mizabibu tangu mababu. Mrefu, masikio yameiva kwa jua, mkali wa maneno na mwepesi wa kusamehe. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikitamka kama anagongomea misumari. Alikuwa amekuja na vijiti vikavu vilivyofungwa katika gunia bichi, akivimwagia maji njia nzima, baharini na kwenye treni, na watu wakamwona mwendawazimu. Mapadri wa misheni walimshauri achukue mbegu ya zabibu nyeusi, ngumu, inayovumilia joto. Akakataa. Alitaka ile iliyokuwa ikitambaa juu ya mlango wa mama yake. Akaiita Muskati.

Sasa niwaeleze Muskati, maana hamtaiona. Ni zabibu nyeupe, ingawa kuiita nyeupe ni mazoea tu. Changa ni ya kijani, na ikiiva upande unaopigwa na jua unageuka rangi ya asali, una vidoadoa. Lakini rangi si kitu. Kitu ni harufu. Zabibu nyingine hujui imeiva mpaka uitie mdomoni. Muskati ikiiva unaijua ukiwa bado barabarani. Inanukia kama maua ya mchungwa asubuhi, na ukipasua punje mkononi, hata ukinawa, chakula cha mchana utakila na harufu ile. Bruda alisema zabibu zote zikigeuzwa divai hupoteza harufu yake ya shambani, ila hii peke yake ukiimimina kwenye glasi unakutana na tunda lenyewe. Masista nao waliipenda kwa sababu yao: divai nyeupe haiachi doa kwenye vitambaa vya altare. Wao ndio waliokuwa wanafua.

Kazi ilitushinda kwanza. Mwaka wa mwanzo Bruda alipogoa mwezi wa pili, kwa kuwa kwao ndio mwezi wake. Mnajua nyie mwezi wa pili huku unafuatwa na nini. Mizabibu ikachanua masika, mvua inamwagika mchana na jioni, maua yakaota ukungu, yakadondoka. Mwaka wa pili akaacha mizabibu ikue inavyotaka. Ikakua majani. Majani mazuri, mapana, mbuzi wa misheni waliyafurahia sana.

Ilitubidi kujifunza wote wawili. Kwao baridi ndiyo inayoulaza mzabibu, ukiamka una nguvu ya kuzaa. Huku hakuna baridi, kwa hiyo mzabibu haulali, na mzabibu usiolala hauzai. Lazima uulaze wewe. Masika yakiisha unaunyima maji. Unaunyima mpaka watu wakuone katili. Kisha unayavua majani kwa mkono, moja moja, unauacha uchi, ndipo unapogoa, unabakiza macho mawili ya kuchipua kwenye kila tawi. Halafu unaurudishia maji. Ukifanya hivyo mvua zikiwa zimekatika kabisa, utavuna kabla vuli hazijaanza. Ukichelewa kidogo, vuli zitakukuta na matunda juu. Hapo katikati hakuna nafasi ya mzaha, na hili la nafasi mlishike, maana ndilo habari yenyewe.

Na bado kulikuwa na ukungu. Dawa yake ilikuwa mrututu, ile chumvi ya buluu, na chokaa, tunakoroga kwenye pipa la mbao, tunanyunyizia kwa ufagio. Mikono yangu ilikuwa ya buluu mwaka mzima. Nikienda sokoni wauza samaki wanasema, "Mama Mrututu huyo, msimpe mkono." Nilikuwa nawatukana, wananipunguzia bei.

Shamba lile lilikuwa la baba yangu. Mzee Longino alilima pale ujanani, akahama kufuata samaki na mpunga huko Mofu, akaliacha likiota magugu. Bruda alipotafuta mahali pa mchanga pasipotuama maji, baba akamwambia chukua. Mapadri walitaka kumlipa. Baba alikuwa mtu mkaidi mwenye adabu nyingi, mchanganyiko mgumu sana huo, akasema hataki malipo. Anataka jambo moja. Tunda la kwanza la shamba lile asilitie mtu mdomoni kabla yake. Atalimbua yeye.

Mnajua limbuko, au mmeshaliacha? Zamani hata pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga ambao nyie mnauziwa kwenye mifuko stendi, hakuna aliyeugusa kabla mzee wa nyumba hajaonja. Mtoto angelia kwa njaa na dungu la kuamia ndege limezungukwa na mpunga ulioiva. Mzee anaonja, anashukuru, ndipo ulaji unafunguliwa. Bruda alimsikiliza baba, akafikiri, akampa mkono. "Mzee, nimekubali. Mimi mwenyewe sitaonja." Na Bruda akitoa mkono ametoa.

Sasa kulikuwa na sababu nyingine iliyomfanya baba aling'ang'anie tunda lile. Mdogo wangu Remigi alikuwa seminari kuu. Kijana wa Mofu, mtoto wa mvuvi, anakaribia kuwa padri. Siku baba alipoelezwa kwamba zabibu zile ndizo zitakazotoa divai ya misa, aliuliza, "Kwa hiyo Remigi akiinua kikombe, ndani kutakuwa na jasho la shamba langu?" Bruda akasema Mungu akipenda, ndiyo. Tangu hapo baba hakuwa na ombi lingine. Aliomba hilo asubuhi na jioni. Mama alisema alikuwa akiliomba hata akitega nyavu.

Ule mwaka ambao Remigi alikuwa apate upadrisho, mizabibu ikakubali. Sijui niwaeleze vipi. Tuliinyima maji, tukaivua, tukaipogoa, na mwezi wa tisa vichala vilikuwa vinaning'inia chini ya chanja za miti tulizoitambazia mizabibu mpaka tukaongeza nguzo. Mwezi wa kumi ukaelekea mwisho, harufu ikaanza kutoka. Watu waliokwenda misa ya asubuhi walisimama njiani kuuliza ni maua gani. Nyuki wakaja, manyigu wakaja, tumbili wakaja, na mimi nikashinda pale na manati na mkebe wa kugonga, naamia kama mtoto wa shamba la mpunga. Misa ya kwanza ya Remigi ilipangwa iwe nyumbani, baada ya Noeli. Bruda alikuwa ameshaosha mapipa, akafukiza salfa ndani. Alipiga mahesabu ya divai ya altare kwa parokia yetu, na ya Mbingu, na ya Kisawasawa, na ziada ya kunywa wageni siku ya sherehe. Alikuwa anaimba. Sikuwahi kumsikia anaimba nje ya kanisa.

Akaja kwangu asubuhi moja anatabasamu. "Skolastika, zimeiva. Nimeshamwita baba yako aje alimbue."

Nikafurahi. Nikauliza, "Umemtuma nani, Bruda?"

"Dereva wa lori la mpunga. Anapita Mofu leo. Mtu mwaminifu."

"Atateremka?"

"Kwa nini ateremke? Ana haraka. Atamwambia tu."

Nikaacha jembe. Nikamwambia, "Bruda, mtu mzima haitwi hivyo. Kumwita mzee kwenye limbuko unatuma mtu mzima mwenzake. Anafika, anakaa, anapewa maji. Anauliza habari za mvua na za samaki. Wakishamaliza hayo ndipo anasema alichotumwa. Hili la lori ni la kuitia vibarua."

Uso wake ukabadilika. Yule mtu aliheshimu limbuko kuliko wakristo wengi waliozaliwa nalo. Alikuwa amelijua limbuko, ila hakuna aliyemweleza namna ya kuitia, na nani angemweleza? Kitu mnachokijua wote hakuna anayekumbuka kukisema. Akatoka mbio kulizuia lile lori. Akakuta vumbi.

Yaliyotokea Mofu nilisimuliwa na mama. Baba alikuwa ameketi mbele ya nyumba, samaki wake wamening'inizwa wanakauka. Lori likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa: "Mzee Longino, Bruda anakutaka ukaonje zabibu," akakanyaga mafuta, vumbi lote likatua juu ya samaki. Baba akainuka. Akapangusa samaki mmoja mmoja kwa kitambaa. Alipomaliza akamwambia mama, "Kama ni mimi wanayenihitaji, watakuja. Kama ni mdomo wa kuonjea, huko Ifakara midomo ni mingi." Akachukua nyavu, akaingia kwenye mtumbwi, akavuka kwenda dago la wavuvi upande wa pili. Alikuwa amengoja siku ile miaka, na akaipa mgongo. Mama alimlilia ufukweni, hakugeuka.

Bruda naye alikuwa amemtuma katekista wetu, Mwalimu Gaudensi, mtu mzima, mpole, mwenye baiskeli. Huyo ndiye angetumwa tangu mwanzo. Gaudensi akafika Mofu jioni, akakaa, akanywa maji, akauliza habari, akafanya kila kitu sawasawa, na mzee mwenyewe hayupo. Ikabidi atafutiwe mtumbwi. Viboko walikuwa wameziba mlango wa kijito, wenye mitumbwi wakakataa kuvuka. Akalala. Kesho yake wakavuka, wakakuta dago limehama.

Huku kwetu mawingu yakaanza kukaa juu ya Udzungwa. Mnayajua mawingu yale, hayana haja ya kuelezwa. Nikamwendea Bruda. "Tukate. Tukate tu zilizoiva, tuzikamue. Baba akija ataonja kichala tutakachombakishia. Mimi ni mwanawe, nitampigia magoti."

"Nilimpa mkono."

"Mkono hauzuii mvua, Bruda."

"Najua. Lakini nikizivuna bila yeye, nitakuwa nimeiba shamba lake. Tungoje leo."

Tukangoja siku ile, na tukangoja iliyofuata. Nilimkasirikia Bruda kwa sababu ya mkono wake. Nilimkasirikia baba zaidi. Watu wawili wema, kila mmoja ameshika heshima yake kwa mikono miwili, na katikati yao zabibu zinaiva kupita kiasi. Wote ni marehemu sasa, Mungu awapumzishe kwa amani, na bado siku nyingine nikifagia uwanja nawagombeza kwa sauti. Majirani wamezoea.

Mvua ilikuja na upepo. Zabibu iliyoiva kabisa ikinywa maji mengi kwa ghafla inapasuka ngozi, na Muskati ngozi yake ni nyembamba. Tulikimbia na mikeka, majamvi, magunia, na masista wakatoa mashuka yao, mashuka meupe ya kitandani, tukayafunga juu ya chanja. Bruda alisimama kwenye matope ameshika ncha ya shuka kwa kila mkono, maji yanamtiririka kwenye ndevu. Mama Mkuu wa masista akamwambia, "Bruda, hayo ni mashuka, si paa." Hakumsikia. Mvua ilinyesha siku hiyo na ya pili yake, na jua lilipotoka shamba zima lilikuwa linavuma nyuki. Chini ya chanja juisi ilikuwa inadondoka yenyewe kwenye mchanga. Ilikuwa inanukia vizuri mno. Hilo ndilo lililoniliza.

Baba akafika mchana ule. Gaudensi alikuwa amempata hatimaye, akamwita kama inavyotakiwa, na baba akaacha nyavu majini akaja kwa miguu katika mvua ile ile. Alisimama mwisho wa shamba lake mwenyewe akapiga hodi, amebeba kambale wa kukaushwa kwenye majani ya mgomba. Hakuna aliyeitika. Akatembea taratibu kati ya mistari, anatazama juu. Akamfikia Bruda.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mzee." Bruda alikuwa mkubwa kwake kwa umri kidogo, lakini alimpa shikamoo.

"Bruda, ungekuja wewe, hata kwa baiskeli, ningekuchinjia kuku, tungerudi wote."

"Nilidhani lori litafika upesi."

"Lilifika upesi," baba akasema. "Mimi ndiye sikufika."

 Kisha baba akaweka samaki chini, akainama chini ya majani karibu na ukuta wa karakana, ambako paa lilikuwa limekinga, akakuta vichala vichache vizima. Akachuma kimoja. Punje ya kwanza akaiweka chini kwenye udongo. Ya pili akaitia mdomoni, akafumba macho. Akatafuna mpaka mbegu, akameza. Halafu akatugawia, kuanzia mkubwa, kila mtu punje yake. Ndiyo siku niliyoijua ladha ya Muskati baada ya miaka yote ile ya kuinukia. Ni sukari kwanza, halafu ule mchungwa unapanda puani, halafu kwa mbali kuna ukali mdogo kama wa tangawizi. Nilikuwa nalia na nilikuwa natamani nyingine.

Bruda akasema, "Mzee, zilizobaki zitatoa divai kidogo. Itakuwa yako kuionja kwanza."

Baba akatikisa kichwa. "Tunda nimelimbua. Kinywaji chake sikigusi. Atakilimbua Remigi, altareni. Kabla yake asionje mtu."

Bruda akampa mkono tena. Mimi nilitazama ile mikono miwili nikaguna, lakini nani anamsikiliza Mama Mrututu.

Tulichambua punje nzima kwa kucha, tukatupa kila iliyopasuka. Tukakamua kwa mikono, tukachuja kwa kitambaa cha kitani. Mapipa yale makubwa yalibaki matupu, yananuka salfa. Juisi yetu ilitosha mtungi mdogo. Sasa sikilizeni hapa, maana kuna kujifunza. Divai inachemka bila moto, na kwenye joto letu inachemka kwa fujo, harufu yote inatoroka na povu. Kwa hiyo tuliufukia mtungi kwenye mchanga chini ya tangi la maji, nami nikaumwagilia mchanga asubuhi, mchana na jioni, nikautandikia magunia mabichi. Ikachemka polepole kwa kunong'ona. Nilikuwa naweka sikio. Ilipotulia tukaitia kwenye chupa, na Bruda kwa hofu ya hewa akaziziba mapema mno. Alasiri moja ya joto, mapadri wamejipumzisha, chupa mbili zikalipuka moja baada ya nyingine. Padri Mkuu alitoka na viatu mkononi akidhani ni majangili wa nyati. Tulicheka siku ile, tufanyeje. Ikabaki chupa moja, ndogo, iliyokuwa ya dawa, tuliyokuwa tumeichemsha kwanza kuisafisha.

Bruda hakuionja. Aliitazama kwenye mwanga, akanusa, akasema ni divai safi haijawa siki. Padri Mkuu alitaka kuhakikisha kwa ulimi, Bruda akakataa kumpa, na kwa mtawa kumkatalia mkuu wake si jambo dogo.

Siku ya misa ya kwanza kanisa lilijaa mpaka nje. Watu walishuka kutoka Mahenge, walikuja kutoka Mbingu kwa miguu. Baba alikaa mstari wa mbele, kanzu nyeupe, mgongo wima. Bruda alikuwa amenipa mimi heshima ya kumimina ile chupa kwenye kichupa cha kioo cha altare, na yote iliingia, haikujaa. Remigi alipoinua kikombe nilimtazama baba badala ya kutazama altare, Mungu anisamehe. Alikuwa amenyoosha shingo anakitazama kikombe kile. Zama hizo sisi waumini hatukupewa kikombe, tulipewa hostia, ule mkate, peke yake. Padri alikunywa peke yake. Kilichobaki kwenye kichupa kilitumika kuoshea kikombe, naye akakinywa pia, kama taratibu zilivyotaka.

Nje, kabla hata Remigi hajavuliwa mashada ya maua, baba akapiga goti kwa mwanawe apate baraka, kisha akainuka, akauliza mbele ya watu wote. "Padri, ile divai. Ikoje?"

Remigi akamshika mikono. "Tamu, baba. Tamu sana."

Baba akageuka kwetu kama mtu aliyelipwa. Aliishi miaka michache tu baada ya pale, na kila mgeni aliyefika Mofu alielezwa kwamba divai ya shamba lake ilikuwa tamu, padri mwenyewe amesema.

Masika yaliyofuata mto ulipanda kuliko kawaida, ukakaa juu ya mwinuko wetu mpaka mizizi ikaoza. Tulichomoa mizabibu kwa mikono, ilikuwa inatoka bila ubishi. Bruda akaugua, akarudishwa kwao, akaniachia mkasi wake. Alisema atatuma vijiti vingine. Havikuja, na sijui kama alifika hai. Wajukuu zangu huniletea divai nyeupe ya Dodoma siku za sikukuu. Ni nzuri, nainywa. Nanusa kwanza kila mara, nao hucheka. Si yenyewe.

Kwa hiyo mkitumwa kumwita mtu, teremkeni. Zimeni injini. Kaeni, hata kama hamna kiu, kunyweni maji. Na wewe unayeitwa vibaya, ukiweza, nenda tu. Hili la pili nimechelewa kulijua, na ndilo ningemwambia baba.

Remigi alizeeka akiwa padri wa watu. Alipokuja kunitembelea mara ya mwisho, tumekaa wawili tu jikoni, nikamuuliza nilichokuwa nimekihifadhi maisha yote. "Baba Padri, mdogo wangu, ile divai ilikuwaje kweli?" Akaangalia moto. Akasema, "Dada, nilikuwa natetemeka. Nilikuwa nawaza nisimwage, nisikosee maneno. Niliimeza. Sikusikia ladha yoyote."

Ndivyo ilivyokuwa. Divai ya Muskati ya Ifakara ilinywewa na mtu mmoja, naye hakuionja. Aliyeikaribia zaidi ni mimi. Siku ile baada ya misa, watu wakiwa uwanjani na ngoma, niliingia sakristia, kile chumba cha kuvalia padri, peke yangu, nikakiona kile kichupa cha altare mezani, kitupu. Nikakitia puani. Mchungwa wote ulikuwa mle ndani. Nikavuta pumzi, nikavuta tena, nikasikia mlango. Sista akasema, "Mama, lete," akakichukua akaenda kukiosha.